Upande wa Pili wa Shuka

Majuma machache baada ya kumzika Tata Njeri, mashine yangu ya kufua ilikataa kumwaga maji. Mwanangu aliniletea mashine hiyo hapa Ruiru nilipoanza kulalamikia mgongo, na kusema kweli tumekaa vizuri, mimi nayo, mpaka siku hiyo iliponguruma kidogo, ikanyamaza, ikaniachia nguo zinaelea kwenye maji ya kijivu nyuma ya kioo chake. Nikaiacha hivyo hivyo mpaka kesho yake. Kijana fundi alipokuja na kufungua kile kimlango, harufu ya maji ya sabuni yaliyolala ikanijia usoni, nami, mwanamke mzima mwenye wajukuu, ikabidi nipindue ndoo nikae kitako.

"Shosho, uko sawa?" akaniuliza.

"Niko sawa. Wewe fanya kazi yako."

Sikuwa sawa hata kidogo. Harufu ile niliwahi kuishi nayo utotoni, kwenye chumba cha kufulia cha mzungu mmoja, na ilipoondolewa mle iliondoka pamoja na sisi. Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye mashamba ya kahawa huenda mmenusa mambo mabaya zaidi. Mimi langu ni hilo, na nimelibeba mpaka uzee huu bila kumwambia mtu, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Tulikuwa tunaishi katika shamba moja nje ya Ruiru, kwenye laini za wafanyakazi. Baba alikuwa amechukuliwa na askari wa mkoloni wakati wa hali ya hatari. Mimi niliambiwa yuko kazini mbali, nikaamini, hata nikawa najigamba kwa watoto wenzangu kwamba kazi yake ni kubwa ndiyo maana haji. Dada yangu mkubwa alikuwa kwa nyanya upande wa baba. Kwa hiyo chumbani tulikuwa watatu: mimi, Mama, na mdogo wake Mama, Tata Njeri. Mama alikuwa dobi katika nyumba kubwa ya mwenye shamba, na Tata alikuwa msaidizi wake. Chumba kilitokana na kazi. Kazi ikienda, chumba nacho kinaenda, na mwanamke asiye na kazi wala chumba siku zile alipelekwa kwenye vile vijiji vilivyochimbiwa handaki, alindwe na kuhesabiwa. Mama akivitaja vijiji hivyo alishusha sauti hata tukiwa peke yetu.

Mimi ni binti wa pili, na kwetu Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama mzazi wa mama yake. Basi nilikuwa nyanya yangu mwenyewe. Mama alilitumia jina hilo kama jina tu, tena mara nyingi akilipaza kutoka mbali, lakini Tata Njeri hakuwahi kulitamka. Yeye aliniita Maitu, yaani mama, kwa kuwa kwa jina nilikuwa mama yake, na jambo hilo hakulifanyia mzaha. Akitaka kunyoa nywele aliniomba ruhusa. Akitoka jikoni kwa memsabu, mke wa mwenye shamba, na kipande cha sukari alinipa kwa mikono miwili, akiinama. "Maitu, leo umenibariki?" aliniuliza asubuhi, nami nilimtemea mate kidogo kifuani kama nilivyoona wazee wakifanya, akafurahi akaenda kazini. Mama alinipenda kwa kunifokea. Tata alinipenda kwa kunitii. Semeni wenyewe mtoto angempenda nani zaidi.

Kufua kulifanyika nyuma ya nyumba kubwa, kwenye chumba chenye sinki mbili za simiti na dirisha linalotazama uani. Kola za mashati ya bwana walizisugua kwa dodoki la katani, zile nyuzi ngumu za mkonge, maana mashamba ya mkonge yalikuwa hapo karibu na katani haikuwa kitu cha kununua. Lakini nililopenda ni mashuka. Shuka lililojaa maji halikamuliwi na mtu mmoja. Mama alishika upande wake, Tata akashika upande wa pili, wakarudi nyuma mpaka likanyooka, kisha mmoja akasokota kulia na mwingine kushoto. Shuka likisokotwa hujifupisha, kwa hiyo walivutwa wakakaribiana hatua kwa hatua, maji yakimiminika miguuni, mpaka pua zikakaribia kugusana, hapo wote wawili wakaangua kicheko. Kila shuka liliishia kwenye kicheko. Mimi nilidhani kicheko ni sehemu ya kufua.

Halafu mashine ikaja. Ilishushwa kutoka kwenye lori na wanaume wa shamba, pipa jeupe juu ya magurudumu, na juu yake rola mbili za mpira zilizobanana. Memsabu mwenyewe alitoka kutuonyesha. Alitia shuka lililolowa katikati ya zile rola, akazungusha mpini, na shuka likatoka upande wa pili limekamuka, bapa kama chapati.

"Tasama!" akasema kwa kile Kiswahili chake. "Sasa hapana taka watu wawili. Mtu moja natosha. Mimi naona mpaka mwisho ya mwezi, nani nabaki."

Mama alimtazama Tata. Tata alikuwa anazitazama rola. Mimi nilifurahi, kwa sababu nilifikiri Tata sasa amepata mtu wa kumshikia upande wake, na atapata nafasi ya kucheza na mimi.

Memsabu aliweka sheria za mashine: ni sabuni tu inayoingia mle pamoja na nguo, na mtoto asionekane tena kwenye chumba cha kufulia. Sheria ya mtoto ilivunjwa siku iyo hiyo, maana Mama hakuwa na pa kuniacha. Ya sabuni ilivunjwa na Tata. Rola zilikuwa zimemnyang'anya kazi yake, kwa hiyo akajitafutia nyingine: kabla shati halijaingia kwenye mashine, yeye alilisugua kola kwa dodoki la katani, tena kwa nguvu mpya, kama mtu anayeonyeshwa mlango.

"Njeri, hiyo katani inaacha nyuzi," Mama alimwambia. "Tumeambiwa hakitakiwi kitu kingine humo ndani. Wacha."

"Na kola zikitoka chafu, dada? Hii mashine haina kucha."

"Nimesema wacha."

"Ĩĩ, nimesikia."

Alisikia, lakini hakuacha. Mama akigeuka tu kwenda kuanika, dodoki lilitoka kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa akinikonyeza, nami nikinyamaza na kuona fahari kwamba tuna siri yetu. Na kwa nyuzi zilizobaki alinisukia mwanasesere, wa kike, mwenye nywele ndefu za katani na mkanda wa kitambaa chekundu. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilimpenda mwanasesere yule kiasi cha kulala nimemng'ata mguu.

Siku mashine ilipogoma memsabu alikuwa klabuni. Nguo zilikuwa zimeshatolewa, maji machafu yamebaki mle ndani, na ule mpira wa kumwagia maji ukawa unatoa matone tu. Mama alichomeka waya wa kutundikia nguo. Wapi! Akamimina maji ya moto. Wapi! Tata akasema yeye ameona wanaume wakinyonya petroli kwenye tangi la lori, akaushika mpira akautia mdomoni akavuta. Tukamwona macho yanamtoka. Alipogeuka alikuwa na povu mpaka puani, akacheua, na povu likamtoka tena. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye simiti. Tata naye akacheka, akacheua, akacheka. Wakayachota maji kwa makopo haraka haraka kabla gari la memsabu halijarudi, lakini ya chini kabisa hayakuchoteka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona wakicheka hivyo, na hapo Tata alikuwa anajua vizuri sana kilichoziba mle ndani.

Yale maji yalilala. Fundi wa kuitwa alikuwa Kalasinga mmoja wa Thika, mtu wa kilemba na ndevu nyeupe, na ilichukua siku kadhaa kabla hajafika. Harufu ikajaa chumba, ikaingia kwenye mashuka ya memsabu, ikatufuata mpaka kwetu kwenye nywele za Mama. Memsabu alikuwa anakuja mlangoni na leso puani, anatutazama, anaondoka. Mama hakuwa analala. Tata alinikumbatia usiku kuliko kawaida.

Alipokuja, fundi alinitoa nje kwanza, nisije nikakanyaga vifaa vyake. Nikapanda juu ya jiwe uani, nikaweka uso kwenye kioo cha dirisha. Niliona yote. Aliilaza mashine ubavu juu ya magunia, maji yaliyobaki yakamwagika sakafuni. Akafungua skrubu za chini, akatoa kifuniko, akaingiza koleo, akavuta. Kikatoka kitu kirefu, cha kijivu, chenye utelezi, na kadiri alivyovuta ndivyo kilivyozidi kutoka. Akakitupa kwenye karai. Kisha akarudisha kifuniko, akaisimamisha mashine, akatia maji ya kujaribu, akaiwasha. Ikanguruma vile vile kama siku ya kwanza, maji yakaruka kutoka kwenye mpira, nami nikapiga makofi.

Memsabu alikuwa ameingia. Alikiinua kile kitu kutoka kwenye karai kwa vidole viwili. Mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo mimi nje sikusikia neno. Nilimwona memsabu akiuliza. Nilimwona Mama amesimama wima, mikono ndani ya aproni. Halafu nikamwona Tata Njeri akipiga magoti. Alishika pindo la gauni la memsabu, akawa analia na kusema, akamwonyesha Mama kwa mkono, akasema tena, kisha akageuka akaninyooshea kidole mimi pale dirishani.

Moyo wangu ulijaa. Nilijua Tata anatuombea. Anasema, mwonee huruma dada yangu, mwone na mtoto wake yule. Na memsabu aliponigeukia, mimi, ili Tata apate nguvu, ili wote waone kwamba niko hapo na ninamsikiliza, nilimwinua yule mwanasesere wa katani nikampungia.

Mama ndiye aliyetoka kwanza. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jiwe nililosimamia. Hakunitazama. Tata alitoka nyuma yake mbio, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Maitu," alikuwa anasema. "Maitu, Maitu." Nilimpapasa kichwa. Nilimwambia asilie, amejaribu.

Nyapara alikuja jioni na habari kwamba chumba kinatakiwa. Kilichotuokoa na vile vijiji ni yule fundi. Mkewe alikuwa anatafuta dobi, basi akamwandikia Mama pasi ya kusafiria na kutupakia na vyombo vyetu nyuma ya gari lake kwenda Thika. Mtu huyo alikuwa anazitengeneza mashine za watu, lakini kwake nguo zilifuliwa kwa mkono. Siku ya kuondoka Tata alisimama kwenye lango la shamba. Mama alipanda gari bila kumuaga, nikaona vibaya, nikajitokeza nikamwita.

"Tata! Twende!"

"Tangulieni, Maitu," akanijibu. "Mimi nitakuja."

Basi nikamngoja. Chumba chetu cha Thika kilikuwa kidogo, na upepo ukitoka upande wa viwanda ulileta harufu ya matunda yanayopikwa. Nililala nimejibana ukutani ili Tata akija apate nafasi yake kitandani. Kikombe chake nilikipindua kwenye rafu, mtu yeyote asikitumie. Mwanasesere nilimwambia kila siku kwamba aliyemsuka yuko njiani. Mama aliyaona yote hayo na hakusema kitu. Zaidi ya hapo, alinisaidia: nikikataa chakula aliniambia, "Kula. Tata yako akikuta umekonda ataniuliza mimi." Nami nikala.

Mashuka ya mke wa fundi yalikuwa mengi na mazito, na Mama alikuwa mmoja. Akawa analifunga shuka ncha moja kwenye nguzo ya uani, anasokota peke yake ncha ya pili. Nguzo haisokoti. Alikuwa anafanya kazi ya watu wawili kwa mikono yake tu, mishipa imemtoka shingoni. Siku moja fundo likafunguka na shuka jeupe likaanguka lote kwenye matope, Mama naye akaanguka nalo.

Nikamkimbilia. Nikamwambia ili kumfariji, "Tata akija hatutaitumia tena hii nguzo."

Mama akakaa pale pale kwenye matope.

"Tata yako haji."

"Alisema atakuja."

"Alisema mengi. Alimwambia memsabu kwamba ni wewe."

Sikuelewa. Mama akanieleza polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Memsabu aliuliza katani imeingiaje kwenye mashine. Tata akasema dada yake analeta mtoto kazini, na mtoto anachezea katani mle ndani, ndiye aliyeitia. "Tazama mwenyewe," akamwambia, "yuko pale dirishani." Na memsabu akatazama, akaniona, na nilichokuwa nimekiinua mkononi akakiona.

"Lakini katani ilikuwa yake," nikasema. "Ni yeye aliyenisukia."

"Najua."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilimngoja aseme ukweli mwenyewe," Mama akasema. "Nilisimama pale nikimngoja. Bado nilikuwa namngoja tukipanda gari."

"Mbona hukuniambia?"

Mama akaliinua shuka, akaanza kulikung'uta matope. "Ulikuwa unakula vizuri ukimngoja."

Sijui kama mnanielewa nikisema kwamba sikulia. Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele za watu. Kila kitu nilichokuwa nacho kizuri kiligeuka kikanionyesha mgongo: vile vipande vya sukari, kule kunikonyeza, yale makofi niliyopiga, mkono wangu ukimpapasa kichwa na kumwambia amejaribu. Alikuwa na watu wawili tu duniani, na siku alipotakiwa kuchagua wa kumtupa, aliwatupa wote wawili akianza na mama yake. Sababu zake nazijua. Alikuwa amemkimbia mume aliyempiga, hakuwa na pa kurudi, na rola zile zilikuwa zimeshamla. Nazijua zote, nimezigeuza miaka na miaka, na hazijawahi kunisaidia. Mwanasesere nilimtia jikoni chini ya sufuria. Katani huwaka haraka sana.

Halafu siku moja ya Jumapili Tata Njeri akaja kweli. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kidogo, najua kufua mwenyewe nguo zangu. Alisimama mlangoni mwa ua na kifurushi cha sukari na gauni zuri lililokuwa wazi limetoka kwa memsabu. Mama alikuwa katikati ya kusokota, shuka limefungwa kwenye nguzo. Nikasimama. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa namna nyingine kabisa, nimepanga kila neno ambalo Mama atamtupia, na nitakavyosimama nyuma yake nikisikia.

Mama alikwenda kwenye nguzo, akafungua fundo, akaishika ile ncha, akamnyooshea.

Tata akaweka sukari chini, akaipokea. Akarudi nyuma mpaka shuka likanyooka. Mama akasokota kulia, yeye akasokota kushoto, maji yakaanza kumiminika, wakawa wanakaribiana. Tata alikuwa analia waziwazi, pua inamtiririka na hana mkono wa kuifuta. Walipokaribia kabisa, pua kwa pua, wakasimama hivyo. Nikasema moyoni, Mama, usicheke. Nakuomba usicheke.

Mama akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, cha uchovu, lakini kilikuwa chenyewe. Nimesalitiwa mara mbili maishani mwangu, na sijui hata leo ipi iliniuma zaidi.

"Maitu," Tata akaniita, akinionyesha kwa macho shuka lililosokotwa. "Maitu, njoo utupokee tuanike."

"Unaitwa," Mama akaniambia.

Nikakwenda nikaishika nguzo. Sikuitika. Walianika wenyewe.

Tata alirudi kwa memsabu wake, baadaye wazungu wakaondoka, akaolewa upya, akazaa, akaishi sana. Tulikutana kwenye arusi na matanga, nikampa mkono, nikamwandalia chai. Akiniita Maitu niligeukia mtu mwingine, nikaendelea na niliyokuwa nikiyasema. Alipoona hivyo alijifunza kuniita kwa jina langu, kama watu wengine wote. Mama alikufa akinilaumu kwa hilo.

Kijana wangu fundi hakuchukua muda. Alifungua kifuniko kidogo pale chini, akatandika kitambaa, akavuta donge la nyuzi na nywele za wajukuu. "Unaona, shosho?" akaniambia. "Ni kitu kidogo tu kilikuwa kimeblock." Akaiwasha, na maji yaliyolala yakaondoka yote kwa mlio mkubwa. Nikamshukuru, nikafungua madirisha.

Siku zake za mwisho Tata hakuwa akila, na wanawe walituita tumsaidie kumuuguza kwa zamu. Alikuwa amefumba macho muda wote, akiita. "Maitu. Maitu." Binti yake akaniambia kwa huruma, "Unaona, anamwona mama yake. Wazee wakikaribia kwenda huwaona wazazi wao." Nikamwambia ndiyo, ni kweli, huwa hivyo. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, nimeshika kikombe cha uji na kijiko, na nilijua anamwita nani.